TUMPIME MBUNGE KWA KURA ZAKE



Katika karteri ya viwanda hapa Bujumbura, na huko juu kwenye chai ya Teza na Rwegura, na kule Moso kwenye miwa, wenzetu wengi husikiliza redio za nchi jirani. Kwa hiyo hatuna haja ya kumtambulisha sana William Ruto wa Kenya. Mwaka 2022, alipokuwa akitafuta urais, tuliwasikia wenzetu wakati wa mapumziko ya saa sita wakimsifu kama ndugu wa ukoo. Alikuwa muuza kuku, walisema, alitembea bila viatu, na sasa mtu wetu anakwenda kushika nchi.

Leo tunataka kuizungumzia safari ya mtu huyo, tangu alipoingia Bungeni mpaka alipofika Ikulu. Hatuna ugomvi na Wakenya, na rais wao wamemchagua wenyewe. Lakini uchaguzi wa rais wa Kenya umepangwa Agosti 2027, na wa kwetu Burundi nao ni 2027. Wanasiasa wa kila nchi wanaangaliana na kuigana. Kilichofaa Eldoret leo, kesho kitaletwa Buyenzi na Kamenge kimevikwa nguo mpya. Mfanyakazi asiyejua kumpima mbunge anayetaka cheo kikubwa zaidi atapimwa yeye, na mizani itashikwa na mwingine.

Tuanze na ukweli wa maisha yake, maana si vizuri kumnyima mtu haki yake. Ruto alizaliwa Desemba 1966 katika kijiji cha Sambut, wilaya ya Uasin Gishu. Ni kweli aliuza kuku kando ya reli, mwenyewe amelisema mara nyingi na hakuna aliyemkanusha. Alisoma kwa bidii, akafika Chuo Kikuu cha Nairobi, akahitimu mwaka 1990 katika elimu ya mimea na wanyama. Huko chuoni alikuwa kiongozi wa wanafunzi Wakristo, na dini hakuiacha tangu hapo. Mtoto wa mnyonge akisoma na kufaulu sisi tunafurahi, na watoto wetu tunawaombea hivyo hivyo.

Lakini hadithi ya kuku inaishia hapo, na wasimuliaji wengi huruka mbele hadi 2022. Katikati pana miaka 30. Sisi tunaitaka hiyo ya katikati.

Mwaka 1992 Kenya ilikuwa na uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya muda mrefu, na Rais Daniel arap Moi aliogopa kushindwa. Liliundwa kundi la vijana la kumpigania, likiitwa Vijana wa KANU 92, chini ya Cyrus Jirongo, na Ruto alikuwa mmoja wa viongozi wake. Kundi hilo lilijulikana kwa pesa. Zilimwagwa noti mpya nyingi sana hata noti ya shilingi 500 watu wakaibandika jina la "Jirongo". Moi akashinda. Mwaka uliofuata bei zilipanda kwa zaidi ya asilimia 40. Mfanyakazi wa kiwanda cha Thika au wa shamba la Kericho ambaye hakupata hata noti moja ya Jirongo alilipa sehemu yake kila alipokwenda kununua unga. Hivi ndivyo pesa za uchaguzi zinavyofanya kazi, ndugu zetu: anayegawa hulipwa na asiyegawiwa.

Mwaka 1997 Ruto aligombea ubunge wa Eldoret Kaskazini, akamwangusha Reuben Chesire, mzee wa KANU mwenye jina kubwa. Hapo akawa mbunge, na kiti hicho alikikalia mpaka 2013. Akawa waziri mdogo, na mwaka 2002 kwa miezi michache akawa waziri wa mambo ya ndani. Mwaka huo alimpigia debe Uhuru Kenyatta, wakashindwa na Mwai Kibaki. Mwaka 2007 alimpigia debe Raila Odinga (marehemu sasa, alifariki Oktoba 2025). Mwaka 2013 alirudi kwa Uhuru. Mwaka 2022 alisimama mwenyewe dhidi ya Raila, na Uhuru akiwa upande wa Raila. Tangu 2024 watu wa Raila wakaingia katika serikali yake. Ukikaa chini uchore mishale ya nani alikuwa na nani, karatasi itajaa.

Kwa hiyo kumfuata mwanasiasa kwa chama au kwa rafiki zake ni kazi bure. Yafaa kutafuta kitu kisichobadilika. Na kwa Ruto kipo: ni mhafidhina. Neno hilo wengine hawalijui. Mhafidhina ni mtu anayetaka mambo yakae kama yalivyokaa. Ardhi ibaki kwa aliyeishika, mamlaka yabaki kwa mkubwa, na yote hayo yafunikwe kwa jina la dini, mila na familia. Dini si kosa. Sisi wenyewe ni watu wa misikiti na makanisa, na Jumapili mikutano yetu tunaichelewesha ili watu watoke misa. Kosa ni pale dini inapotumiwa kama pazia, watu watazame pazia wasione kinachofanyika nyuma yake.

Hebu tuitazame kura moja, na kwa mfanyakazi ndiyo kura kubwa kuliko zote katika maisha ya mtu huyu. Ni ya Agosti 4, 2010.

Kenya iliandika katiba mpya. Wananchi waliitwa waseme ndiyo au hapana. Rangi ya ndiyo ilikuwa kijani, ya hapana nyekundu. Ruto, akiwa mbunge na waziri katika serikali ileile iliyoileta katiba, alisimama mbele ya kundi la hapana, pamoja na makanisa mengi na pamoja na mzee Moi aliyekuwa amestaafu. Katika mikutano walizungumza mimba kutolewa, mahakama za Kadhi na ardhi. Makanisani zilisikika zaidi zile mbili za kwanza. Ile ya tatu, ardhi, ndiyo tunayodhani iliwanyima wakubwa usingizi, kwa kuwa katiba ile ilifungua mlango wa kuchunguza mashamba makubwa yalipatikana vipi.

Sasa, ndugu, ndani ya katiba hiyo kulikuwa na kifungu cha 41. Kinasema kila mfanyakazi ana haki ya malipo ya haki na hali nzuri ya kazi. Ana haki ya kuunda chama cha wafanyakazi na kujiunga nacho. Ana haki ya kugoma. Na chama kina haki ya kukaa mezani na mwajiri na kupatana. Yameandikwa katika katiba yenyewe, si katika amri ya waziri inayoweza kufutwa siku yoyote. Katika nchi hizi zetu ni vyama vichache vilivyowahi kupata kitu kama hicho. Watu wa chai, watu wa maua ya Naivasha, watu wa bandari Mombasa, wote walikuwa na sababu ya kuweka kidole kwenye kijani.

Katika mikutano mikubwa ya wekundu kifungu cha 41 hakikuwa hoja. Huenda Ruto hakukichukia. Lakini aliyesema hapana kwa katiba yote alisema hapana kwa kifungu hicho pia, awe alikisoma au hakukisoma. Mfanyakazi aliyemfuata kwa sababu ya mimba na Kadhi alikuwa anatupa haki yake ya kugoma bila kujua. Kwa bahati Wakenya kiasi cha theluthi mbili walisema ndiyo. Na miaka 3 baadaye mtu yuleyule alishika Biblia akaapa kuilinda katiba aliyoikataa, na mwaka 2022 akaapa tena. Hatusemi ni dhambi. Tunasema iandikwe.

Kuhusu ardhi pia kuna la kuandika. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 Kenya iliwaka moto. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu walikimbia makwao. Sisi Warundi hatuhitaji kuelezwa kukimbia makwetu ni nini. Ruto alishtakiwa katika Mahakama ya Kimataifa kule The Hague, kesi ikaanza Septemba 2013 na ikavunjwa Aprili 2016 kwa ushahidi kupungua, majaji wenyewe wakizungumza juu ya kuingiliwa kwa mashahidi. Hakutiwa hatiani, wala mahakama haikutamka kwamba hana hatia. Hilo tuliache kama lilivyoachwa. Lakini Juni 2013 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua jambo lingine lililo wazi zaidi: shamba la ekari 100 kule Uasin Gishu, la mkulima aliyekimbia ghasia zile, lilikuwa mikononi mwa Ruto. Alisema alilinunua. Mahakama ikamwamuru kulirudisha na kulipa fidia ya shilingi milioni 5. Wakati huo alikuwa tayari Naibu wa Rais.

Miaka 9 alikaa katika cheo hicho. Mwaka 2018 Uhuru na Raila walipeana mikono, naye akaachwa nje ya urafiki. Hapo ndipo alipoivumbua hadithi ya kuku upya. Akasema Kenya ina makundi mawili: watoto wa wakubwa, waliorithi nchi kutoka kwa baba zao, na "mahasla", watu wa kuhangaika, wa bodaboda, wa mama mboga, wa mkokoteni. Akachukua toroli la mjenzi likawa alama ya chama chake. Sisi tuliojifunza siasa kwa kubeba mizigo tulikubali moyoni kwamba ni ufundi mkubwa. Mtu alikuwa Bungeni na serikalini karibu miaka 25, akasimama mbele ya watu kama mgeni aliyefika jana kuwatetea dhidi ya serikali.

Mwaka 2021 waziri wa mambo ya ndani, Fred Matiang'i, aliwasomea wabunge orodha ya mali za Naibu wa Rais zilizokuwa zikilindwa na polisi wa serikali. Kulikuwa na mashamba, hoteli na biashara ya gesi. Mwenyewe alikubali baadhi na kukanusha baadhi. Bila shaka Matiang'i alikuwa na nia ya kumharibia, kwa maana yeye alikuwa upande wa pili. Lakini tunawauliza ninyi wa Moso: mwenye mashamba na hoteli na mwenye kuvuna miwa kwa kibarua cha siku, wakiitwa wote "hasla", neno hilo linamsaidia nani?

Tazameni lilivyotengenezwa. Katika mgawanyo wake hakuna mwajiri na mwajiriwa. Kuna mrithi na mhangaikaji tu. Tajiri aliyetajirika juzi yuko upande wa maskini, na adui ni yule aliyetajirika zamani. Mfanyakazi wa kiwanda, mwenye mwajiri, mwenye mkataba, mwenye chama chake, hana hata mahali pa kukaa katika hadithi hiyo. Na mtu asiye na mahali katika hadithi hana mahali katika bajeti.

Ruto alishinda kwa kura 7,176,141 dhidi ya 6,942,930 za Raila. Makamishna wanne kati ya saba wa tume walikataa matokeo, lakini Mahakama ya Juu iliyakubali Septemba 5, 2022. Aliapishwa Septemba 13.

Tuwe waaminifu. Yako aliyotimiza. Mbolea ya mfuko wa kilo 50 ilishuka mara moja hadi shilingi 3,500 kutoka zaidi ya 6,000, na wakulima walishukuru (ingawa 2024 kulitokea kashfa ya mbolea bandia, mifuko iliyojazwa uchafu). Novemba 30, 2022 alianzisha mfuko wa mikopo ya mahasla, shilingi 500 mpaka 50,000, kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Huo ni mkopo, haukuwa mshahara, na mkopo hurudishwa. Lakini ni afadhali kuliko wale wakopeshaji wanaonyonya watu damu.

Sasa tufike kwenye karatasi ya mshahara, maana mfanyakazi huipata serikali yake hapo kila mwezi.

Chukueni mfanyakazi wa Kenya mwenye mshahara wa shilingi 20,000. Mwanzoni mwa 2023 alikatwa shilingi 200 za mfuko wa uzeeni na shilingi 750 za bima ya afya. Jumla 950.

Februari 2023 mahakama iliruhusu sheria ya mfuko wa uzeeni ya 2013, iliyokuwa imezuiwa, ianze kazi: asilimia 6 ya mshahara, mwajiri naye aongeze kiasi hichohicho. Julai 2023 yakaja makato ya nyumba, asilimia 1.5 kwa mfanyakazi na 1.5 kwa mwajiri. Mahakama Kuu ikasema Novemba 2023 kwamba sheria hiyo inavunja katiba. Machi 2024 Bunge likapitisha sheria nyingine na makato yakaendelea. Oktoba 2024 bima ya afya ikabadilishwa kuwa asilimia 2.75.

Fanyeni hesabu ya mwisho wa 2024. Uzeeni 1,200. Afya 550. Nyumba 300. Jumla 2,050. Yaani kutoka 950 hadi 2,050, na mshahara ni uleule 20,000, na katikati ya hayo kodi ya mafuta ya petroli ilikuwa imepandishwa Julai 2023 kutoka asilimia 8 hadi 16, ambayo ni nauli na ni unga.

Tunawaomba msisome hesabu hii kwa pupa. Ile ya afya kwa mtu wa 20,000 ilipungua, kutoka 750 hadi 550. Aliyeumizwa na asilimia 2.75 ni mwenye mshahara mkubwa, na sisi hatutamlilia. Ile ya uzeeni ni akiba ya mfanyakazi mwenyewe, na mwajiri anatoa sawa na yeye. Chama cha wafanyakazi kikipinga akiba ya uzee kitakuwa kinajikata mguu. Kinachobaki ni nyumba. Mfanyakazi anayekatwa shilingi 300 kila mwezi hapewi hati ya nyumba yoyote, na anayeishi mabanda ya shamba la chai hatajengewa nyumba pale shambani. Anajenga ya mtu mwingine mjini. Hapo ndipo penye ugomvi wa haki. Lakini ubaya wa yote ni namna yalivyokuja: moja juu ya lingine katika muda wa miezi 20, juu ya mtu ambaye wakati wa kampeni aliambiwa uchumi utaanzia chini kwake. Ulianzia chini kweli. Ulianzia kumkata.

Machi 2024 madaktari waligoma, mgomo wa siku 56, na sababu kubwa moja ni kwamba serikali ilitaka kuwalipa madaktari wa mafunzo shilingi 70,000 badala ya 206,000 za makubaliano ya zamani. Haki waliyoitumia kugoma ilitoka katika kifungu cha 41. Mkumbuke nani alivaa nyekundu.

Mei 2024 ulikuja muswada wa fedha, uliotaka mpaka mkate utozwe kodi ya asilimia 16. Mkate ukaondolewa kwa kelele za watu, mengine yakabaki. Juni 25 wabunge 195 walisema ndiyo, 106 wakasema hapana. Siku hiyohiyo vijana waliingia ndani ya Bunge, na polisi wakapiga risasi. Katika miezi ile makumi ya watu waliuawa, kwa hesabu ya Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya yenyewe. Kesho yake Rais alikataa kutia sahihi muswada aliouleta mwenyewe, na Julai akawafukuza karibu mawaziri wote. Wale waliokufa walikuwa vijana wasio na kazi na wenye kazi, wengi wao umri wa watoto wetu. Muswada ulikufa baada yao.

Novemba 2024 kitu kingine kidogo kilitokea, nacho kwetu si kidogo. Ruto alitoa mamilioni ya shilingi katika kanisa Katoliki la Soweto, Nairobi, na Askofu Mkuu Philip Anyolo akatangaza kwamba zitarudishwa. Kwa miaka mingi mwanasiasa huyu alikuwa akipeleka mabunda ya noti makanisani, na ndipo lile pazia tulilolitaja liliposhonwa. Safari hii fundi mmoja wa pazia alikataa kitambaa.

Na sisi wa sendika tulikuwa wapi? Swali hilo halikwepeki. Francis Atwoli ni Katibu Mkuu wa COTU tangu 2001, na tena ndiye mkuu wa chama cha wafanyakazi wa mashambani. Mwaka 2022 alimpigia debe Raila waziwazi, kwa jina la wafanyakazi wote. Ruto aliposhinda, Atwoli alijisogeza karibu na serikali mpya, na makato ya nyumba COTU iliyaunga mkono. Kiongozi wa wafanyakazi hana budi kuzungumza na serikali iliyopo, hata ile asiyoipenda. Hilo tunalijua, tunalifanya kila wiki. Lakini ukiwa umetumia jina la wanachama kumpinga mtu, kisha ukatumia jina lilelile kumuunga mkono, na katikati hukuwauliza hata mara moja, mwanachama atajua jina lake si mali yake. Mwezi Juni 2024 vijana walipotoka barabarani hawakupita ofisi ya COTU kuomba bendera.

Wako wanaosema: basi tumpeleke Bungeni mtu wa sendika, atatutetea. Tusiharakishe. Tom Mboya alikuwa katibu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi vya Kenya, akaingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1957, mtu hodari asiye na mfano hadi leo. Alipokuwa serikalini, mwaka 1965 serikali hiyo ilivunja mashirikisho yaliyokuwepo ikaunda COTU, na kumpa Rais wa nchi sauti katika kumpata katibu mkuu wake. Mtu akihama meza, mara nyingi na macho yake yanahama. Kwa hiyo hata huyo wetu tumpime kwa kura zake.

Tugeuke sasa kwetu. Bunge letu lilichaguliwa Juni 2025 na viti vyote 100 vilivyopigiwa kura vilikwenda kwa chama kimoja. Katika Bunge la namna hiyo ni vigumu kujua mbunge wako alisema nini, kwa kuwa hakuna 195 na 106. Kuna sauti moja tu. Lakini vigumu si haiwezekani. Mbunge ana mdomo, na anakuja kwenye misiba na harusi. Anaweza kuulizwa.

Na tusidhani kwamba ahadi zote ni uongo. Mei 1, 2006, Siku ya Wafanyakazi, Rais Pierre Nkurunziza alitangaza matibabu ya bure kwa watoto wa chini ya miaka 5 na kwa akina mama wanaojifungua. Lilifanyika. Naye alikuwa mtu wa maombi na mikutano ya dini, na wa mpira vilevile. Wauguzi waliachwa na wadi zilizojaa na kabati za dawa tupu, na hilo ni neno lingine, lakini mama wa Buyenzi aliyejifungua bila kushikiliwa hospitali kwa deni anajua tofauti. Kwa hiyo tunaposema pima, hatusemi kataa kila kitu.

Upande wa pili wa mizani wekeni hili: kima cha chini cha mshahara cha Burundi kiliwekwa mwaka 1988, franka 160 kwa siku mjini Bujumbura na franka 105 mikoani. Kilidumu hivyo zaidi ya miaka 30. Katika miaka hiyo wamepita marais, wabunge wa vyama vyote, wa kijeshi na wa kiraia, wacha Mungu na wasio wacha Mungu. Wengi wao walikuwa watoto wa wakulima, na wako waliotembea bila viatu kama Ruto. Franka 105 hazikumjua yeyote kati yao.

Tunachopendekeza kwa matawi ni kazi ndogo isiyohitaji pesa. Kila tawi liwe na daftari moja, na mwenye mwandiko mzuri alishike. Kila mbunge wa mkoa wetu, na kila mtu atakayetangaza kwamba anataka cheo kikubwa zaidi mwaka 2027, apewe ukurasa wake. Hatuandiki kabila lake wala dini yake, wala baba yake aliuza nini. Tunaandika aliulizwa nini juu ya kima cha chini, juu ya mikataba ya vibarua, juu ya wavunaji wa chai wanaoumia kazini, siku gani, mbele ya nani, na alijibu nini. Kama hakujibu, iandikwe hakujibu. Aliyepitisha sheria, iandikwe sheria ipi na mwaka gani. Daftari likae na tawi, lisiende nyumbani kwa mwenyekiti.

Wa chai ya Teza wametuuliza kama daftari litakuwa la Kirundi au la Kiswahili. Andikeni kwa lugha ambayo wengi wa tawi wanaisoma bila kusaidiwa.